Kwa Mkapa alitoka mtu: Simba, Al Ahly na msimu wa kwanza wa African Football League

Oktoba 2023 Simba SC ilicheza mechi mbili za African Football League dhidi ya Al Ahly ya Misri. Haikupoteza hata moja, na bado ikatolewa. Al Ahly ilicheza mechi nne kwenye mashindano hayo, haikushinda hata moja ndani ya dakika 90, na ikafika nusu fainali. Mpaka leo ukizungumza na shabiki wa Msimbazi, yaani wa Simba, kuhusu mashindano yale, atakwambia Simba ilionewa na kanuni ya bao la ugenini. Sikubaliani naye, ingawa namwelewa. Nadhani kisa hiki kina pande mbili ambazo watu huzichanganya: mashindano yenyewe yalivyoundwa vibaya, na Simba ilivyocheza dakika kama 10 za kipindi cha pili pale Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Tuanze na mashindano. Wazo lake lilisikika kwa sauti kubwa Novemba 2019 mjini Lubumbashi, TP Mazembe ilipoadhimisha miaka 80. Rais wa FIFA, Gianni Infantino, alisimama pale na kusema Afrika inahitaji ligi moja kubwa ya klabu zake bora, yenye kuingiza fedha za maana. Agosti 2022, kwenye mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, uliofanyika Arusha, Rais wa CAF Patrice Motsepe akalitangaza rasmi, wakati huo likiitwa Africa Super League. Ilikuwa iwe klabu 24, mechi 197, msimu wa kuanzia Agosti hadi Mei, mfuko wa zawadi wa dola milioni 100, na bingwa aondoke na dola milioni 11.5. Kwa klabu zetu, ambazo safari moja tu ya Afrika Magharibi inatikisa bajeti ya mwezi, hizo zilikuwa habari za kubadilisha maisha.

Kilichokuja Oktoba 2023 kilikuwa na jina jipya na kimo kingine kabisa. Klabu 8, mechi 14, wiki tatu. Bingwa dola milioni 4, na anayeishia robo fainali dola milioni 1. Kalenda ilichangia: AFCON ya Ivory Coast, mashindano ya timu za taifa za Afrika, ilikuwa imesogezwa hadi Januari 2024, na makundi ya Ligi ya Mabingwa yalikuwa yanaanza mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo kulibaki kipenyo kidogo tu cha kupenyeza mashindano mapya. Lakini kuna jambo halikuwa la kalenda. Waliondoa ligi yote, wakabakiza mtoano. Robo fainali, nusu fainali na fainali, nyumbani na ugenini, bila kundi wala msimamo. Kwa klabu nne kati ya nane, "ligi" hiyo ilikuwa mechi mbili na kwaheri.

Nchi nane, kila moja klabu moja: Al Ahly, Wydad ya Morocco, Espérance ya Tunisia, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, TP Mazembe ya Kongo, Enyimba ya Nigeria, Petro de Luanda ya Angola na Simba ya Tanzania. Hakukuwa na mchujo wa kufuzu. Yanga ndiyo iliyokuwa bingwa wa Tanzania, na miezi michache kabla ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho, lakini nafasi ya Tanzania ilikwenda kwa Simba kwa uzito wa rekodi yake ya miaka kadhaa kwenye michuano ya CAF. Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, walinung'unika sana, na hoja yao ilikuwa na mashiko: ligi ambayo bingwa wa nchi hana njia ya kuingia ina dosari tangu mlangoni.

Heshima ya kufungua pazia ilipewa Dar es Salaam. Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba, Uwanja wa Mkapa ukiwa umetoka kwenye ukarabati, Infantino na Motsepe jukwaani, Simba dhidi ya klabu yenye mataji mengi kuliko yoyote Afrika. Na Lunyasi, kama Simba wanavyoitwa, hawakuingia kinyonge. Februari 2019 waliifunga Al Ahly 1-0 hapohapo kwa bao la Meddie Kagere. Februari 2021 wakaifunga tena 1-0, safari hiyo bao la Luis Miquissone, ambaye Al Ahly walimnunua mwaka huohuo. Mwaka 2023 Miquissone alikuwa amesharudi Msimbazi. Ndiyo maana ile kauli ya mashabiki wa Simba, "Kwa Mkapa hatoki mtu", haikuwa majigambo matupu.

Hapa naomba tuitazame kauli hiyo kwa makini, kwa sababu watu huisikia kama ahadi ya kushinda. Ukirudi kwenye usiku wa 2019 na wa 2021, alama kubwa zaidi kwenye matokeo yale mawili ni sifuri ya upande wa pili. Simba haikuifunga Al Ahly mabao mengi, iliinyima bao. Aprili 2023 ilifanya hivyohivyo kwa Wydad kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: 1-0 Dar, bao la Jean Baleke, kisha ikafungwa 1-0 Casablanca na kutolewa kwa penalti. Hata ilipotoka, ilitoka baada ya bingwa mtetezi wa Afrika kushindwa kuitikisa nyavu ya Mkapa. Nguvu ya Simba nyumbani ilikuwa mlango uliofungwa, na ushangiliaji wetu mkubwa wa mabao ulitufanya tusiuone.

Tarehe 20 Oktoba mlango huo uliachwa wazi mara mbili. La kwanza lilikuja mwishoni kabisa mwa kipindi cha kwanza, Reda Slim akiwafungia Wamisri wakati watu wakihesabu sekunde za kwenda mapumziko. Ni wakati mbaya kuliko yote kufungwa, lakini Simba ilirudi na moto. Dakika za 50 na kitu Kibu Denis akasawazisha. Dakika chache baadaye Sadio Kanouté akaandika la pili, na uwanja ukalipuka kwa namna ambayo waliokuwepo hawataisahau. 2-1. Al Ahly walikuwa wameyumba, mashabiki wanataka la tatu, na timu nayo ikataka la tatu.

Muda mfupi tu baada ya hapo Kahraba akasawazisha. 2-2, na mchezo ukaisha hivyo.

Mabao matatu ndani ya dakika kama 10. Kwa mtazamaji asiye na upande, zilikuwa dakika nzuri kuliko zote za mashindano yale. Kwa kocha, zilikuwa dakika za kupoza mpira. Unaongoza 2-1 nyumbani, tayari umesharuhusu bao moja la ugenini, mpinzani ana wachezaji wa kukuadhibu kwa nafasi moja. Hapo kazi ni kuua kasi: mpira wa kurusha uchukue muda wake, kipa apumzike na mpira, viungo wapige pasi za nyuma hata mashabiki wakizomea, mabeki wa pembeni wasipande wote wawili kwa pamoja. Inachukiza kutazama, lakini ndivyo Al Ahly wenyewe wanavyocheza wakiwa mbele, na ndiyo maana kabati lao limejaa. Simba iliendelea kucheza mechi kama vile ni 0-0.

Sasa tupige hesabu, maana uchungu wote wa kisa hiki umo humo. Kanuni ya mashindano ilikuwa bao la ugenini: jumla ikilingana, anapita aliyefunga zaidi nje ya kwake. Kwa 2-1, Simba ingekwenda Cairo ikihitaji sare yoyote. Kwa 2-2, sare ya 0-0 inaitoa, sare ya 1-1 inaitoa, ya 2-2 inakwenda mbele, na kuanzia 3-3 ndipo inapita. Bao moja la Kahraba liliondoa sare mbili zinazotokea mara nyingi kuliko zote kwenye mpira kutoka upande wa Simba na kuzihamishia kwa Al Ahly.

Jumanne ya tarehe 24, Cairo, Simba ilicheza mechi ya kiume kwelikweli. Kipindi cha pili Kanouté akafunga tena. Kwa muda ule Simba ilikuwa nusu fainali, jumla 3-2, mbele ya mashabiki wa Al Ahly walionyamaza. Lakini kwa sababu ya yale mabao mawili ya Dar, uongozi huo ulikuwa mwembamba kuliko ulivyoonekana kwenye kioo. Al Ahly walihitaji bao moja tu, na hawakulazimika kutafuta la pili. Wakalipata, na aliyelifunga ni Kahraba yuleyule. 1-1, jumla 3-3, Al Ahly wakapita kwa mabao mawili ya ugenini dhidi ya moja. Ukichukua matokeo haya ya Cairo ukayaunganisha na 2-1 ya Dar, Simba inasonga mbele kwa 3-2. Mechi ilipotelea Temeke, ulipo Uwanja wa Mkapa, kabla ndege haijaondoka.

Anayesema Simba ilionewa na kanuni akumbuke jambo moja ambalo kwenye kelele za siku zile lilisahaulika haraka mno. Septemba na Oktoba mwaka huohuo, Simba ilikuwa ikigombea kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Power Dynamos ya Zambia. Mechi ya kwanza, Ndola, ilikwisha 2-2. Ya marudiano, Azam Complex tarehe 1 Oktoba, ilikwisha 1-1. Jumla 3-3, Simba ikapita kwa bao la ugenini. Matokeo yaleyale kabisa, kwa mpangilio uleule, siku 23 kabla ya usiku wa Cairo. Power Dynamos nao walitoka bila kupoteza mechi. Nchini kwetu hakuna aliyesema Wazambia wameonewa. Tulisema Mnyama, yaani Simba, ana uzoefu wa kimataifa. Kwa hiyo benchi la Robertinho, Mbrazili aliyekuwa akiinoa Simba, lilijua fika thamani ya 2-2 ya ugenini. Lilikuwa limetoka kuitumia.

Hata hivyo kanuni yenyewe siitetei. UEFA iliifuta mwaka 2021, na sababu zake zinatuhusu hata zaidi sisi. Zamani bao la ugenini lilitungwa kuwatia moyo wageni washambulie. Siku hizi linamtisha mwenyeji. Anaogopa kufungwa kuliko anavyotamani kufunga, na uwanja uliojaa watu 60,000 unageuka mzigo wa kumhimiza afanye kisicho na faida kwake. Tanzania ililipa gharama hiyo mara mbili mwaka mmoja. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger hapohapo Mkapa kwenye fainali ya Shirikisho, ikaenda Algiers tarehe 3 Juni na kushinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban, jumla 2-2, na kombe likabaki Algeria. Timu mbili za Kariakoo, uwanja mmoja, kila moja imeruhusu mabao mawili nyumbani, kila moja imetolewa bila kuzidiwa kwa jumla ya mabao.

Zilizobaki za robo fainali nitazipitia haraka. Sundowns ilishinda 2-0 Luanda na kutoka 0-0 na Petro kwao Pretoria. Wydad iliifunga Enyimba nje ndani, 1-0 Uyo na 3-0 Casablanca. Mazembe ilishinda 1-0 dhidi ya Espérance, kisha ikapigwa 3-0 Tunisia. Ila kuhusu Mazembe kuna jambo linaloniuma: mechi yake ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam. Mji wa Lubumbashi, ambako ligi hii ilitajwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wake, haukupata kuiona hata kwa dakika 90. Kwa mashindano ya kila timu kuwa na mechi moja tu ya nyumbani katika raundi, kumhamisha mwenyeji ni kumnyang'anya nusu ya silaha zake.

Nusu fainali ndiyo iliyonithibitishia ninachokisema kuhusu Simba. Sundowns ilikutana na Al Ahly, ikashinda 1-0 kwenye uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, tarehe 29 Oktoba, kisha ikaenda Cairo tarehe 1 Novemba na kubana 0-0. Hakuna aliyeiandikia mashairi. Al Ahly, waliotoka Dar na mabao mawili mfukoni, walitoka Pretoria mikono mitupu, na ule mchezo wao wa kusubiri bao moja ukakosa pa kushika. Upande wa pili Wydad na Espérance walishindana kila mmoja 1-0 kwake, na Wydad wakapita kwa penalti.

Fainali nayo ikaamuliwa na hesabu hiyohiyo. Casablanca tarehe 5 Novemba Wydad walishinda 2-1, lakini waliruhusu bao, kwa hiyo Sundowns walirudi nyumbani wakijua 1-0 inatosha. Kwenye marudiano, Loftus ikiwa imefurika njano, Peter Shalulile akafunga la kwanza na Aubrey Modiba la pili. 2-0, jumla 3-2, na timu ya kocha Rulani Mokwena ikawa bingwa wa kwanza wa African Football League.

Itazame rekodi ya bingwa. Mechi 6, mabao ya kufunga 6, ya kufungwa 2, na yote mawili yalifungwa Casablanca. Nyumbani Pretoria, mechi tatu dhidi ya Petro, Al Ahly na Wydad, haikufungwa hata bao moja. Wastani wa bao moja kwa mechi umetoa bingwa wa mashindano na dola milioni 4. Simba ilifunga mabao 3 katika mechi mbili dhidi ya mpinzani uleule ambaye Sundowns ilimfunga bao 1 tu katika mbili. Safu ya mbele ya Msimbazi ilifanya kazi yake. Tofauti ya aliyetwaa kombe na aliyeishia robo ilikuwa kwenye safu nyingine.

Na pengine majeraha ya wiki ile yalikwenda mbali kuliko tulivyodhani. Siku ileile ya mechi ya kwanza ya fainali, tarehe 5 Novemba, Simba ilicheza dabi ya Kariakoo na kufungwa 5-1 na Yanga, tena Mkapa. Siku mbili baadaye Robertinho akaondoshwa. Sitasema Al Ahly ndiyo iliyosababisha tano zile, ila atakayetazama mechi hizo kwa mfuatano ataona tabia moja: timu inayofunguka ikiwa bado inahitaji kutulia, na mabeki wanaobaki peke yao na washambuliaji wanaokimbia. Dhidi ya Al Ahly iliigharimu ushindi. Dhidi ya Wananchi iliigharimu kocha.

Al Ahly waliendelea na yao. Wakatwaa Ligi ya Mabingwa ya msimu huohuo wa 2023/24, na njiani wakakutana tena na Simba robo fainali. Safari hii walishinda 1-0 Mkapa na 2-0 Cairo. Ukilinganisha matokeo hayo na yale ya Oktoba, utaona kwamba nafasi ya kweli ya kuwatoa ilikuwa ile ya mwanzo, walipokuja wakiwa hawajashika kasi na wakafunguka wenyewe.

African Football League haikurudi 2024, na 2025 pia ilipita bila msimu wa pili. Sioni ajabu. Mashindano ya mechi 14 hayawezi kumjengea mtu mazoea. Shabiki wa Enyimba au wa Petro aliiona timu yake mara moja nyumbani, na hakuna msimamo wa kuchungulia asubuhi wala wiki ijayo ya kusubiri. Iwapo CAF itaifufua, hata kwa klabu 8 zilezile, makundi mawili ya timu nne yangempa kila mmoja mechi sita, tatu zikiwa kwake, kabla ya nusu fainali. Mechi zingefika 30. Katika kundi, 2-2 na 1-1 dhidi ya Al Ahly ni pointi mbili mkononi na mechi nne mbele, na dakika 10 mbaya zinarekebishika. Na ifutwe hiyo kanuni ya bao la ugenini, ichezwe dakika 30 za nyongeza. Bingwa wa kila nchi awe na njia ya kuingia. Haya matatu yangetosha kuifanya istahili jina la ligi.

Kwa Simba, jibu lilikuja kwa kuchelewa, kwenye mashindano mengine. Msimu wa 2024/25, chini ya kocha Fadlu Davids, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na njia iliyopita ni ya mlango uliofungwa. Al Masry walishinda 2-0 kwao Misri, wakaja Dar wakafungwa 2-0 na kutolewa kwa penalti. Stellenbosch wakafungwa 1-0 Zanzibar, na marudiano ya Durban yakaisha 0-0, matokeo ambayo Oktoba 2023 Simba isingeweza hata kuyafikiria kama ushindi. Fainali dhidi ya RS Berkane iliharibikia Morocco kwa 2-0, na 1-1 ya Uwanja wa Amaan, Zanzibar, haikutosha. Lakini mpaka siku ile ya Amaan, hakuna timu iliyokuwa imefunga bao kwenye uwanja wa nyumbani wa Simba katika hatua nzima ya mtoano.